Usimpime fundi wakati rangi bado mbichi

Mimi nimeacha kutoa hukumu ya kazi ya mtu siku ileile anayokabidhi, maana siku hiyo kila kitu kinang'aa hata kama ndani ni uozo mtupu. Angalia zege, watu wa ujenzi kwa kawaida wanapima nguvu yake siku ya 28 tangu limwagwe, sasa wewe unamsifia mtu hata mwiko hajauosha? Nguo nayo ukiletewa usikimbilie kioo, igeuze kwanza uone mishono ya ndani, nyuzi zinaning'inia au zimefungwa, kitambaa kimeachwa cha kutosha au kimekatwa hapohapo kwenye mshono. Kuna shati nilishonewa likanikaa freshi kabisa, nikamwaga sifa weee, kufua mara ya pili tu kwapa likaachia.

Ila kumkalia mtu kooni kazi ikiwa nusu halafu unaanza kununa, hapo unamuonea, kazi nyingi katikati huwa mbaya. Labda msingi wenyewe uwe umepinda, hilo sema mapema kabla hajapandisha ukuta. Na jiulize kama ulimwambia vizuri unachotaka, maana mimi mara nyingi nilikuwa sijasema.