Feni ya mama na birika la Hamburg

Feni ilidumu siku mbili. Ya tatu, umeme ulikatika jioni, ukarudi saa tatu usiku, na feni ikaanza kunguruma bila kuzunguka. Mama akachomoa kijiti cha fagio la chelewa, akakipitisha kwenye wavu, akasukuma panga moja, feni ikaamka. "Si unaona inafanya kazi," akaniambia. Mama yangu ndivyo alivyo, kitu kikiharibika yeye ndiye wakili wake.

Ilikuwa Novemba, kwetu Mikindani, lile joto la kungojea mvua ambapo hata shuka linakuudhi. Nilikuwa likizo ya wiki nne kutoka Hamburg, ninakohudumia wazee mwaka wa saba sasa. Feni nilimnunulia kwa shilingi 75,000 kwenye duka moja la vifaa vya umeme Mtwara mjini. Alfajiri nikaibeba, nikapanda nayo daladala, kilomita 10 hivi, wavu wake ukimkwaruza kila anayepita. Kondakta akanitoza nauli ya watu wawili. Nikalipa kimya, maana kweli ilikuwa imekaa kama mtu.

Ukutani kwa yule mzee wa duka kuna karatasi mbili. Moja imeandikwa kwa kompyuta, MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nyingine kwa kalamu nyekundu, Kukopa harusi, kulipa matanga. Nilikuwa nimeziona siku ya kununua, lakini nani anasoma ukuta wakati ana hela mkononi?

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mikindani hawajambo? Mama je, mguu wake?"

Mguu wa mama! Nilimtajia siku tatu nyuma, kwa kupita tu, tukiwa tunapatana bei. Akaagiza nipewe kiti, kikaja kiti. Akaagiza soda, ikaja baridi inatoa jasho. Kijana wake akaichomeka feni, ikanguruma, sote tukaisikiliza kwa heshima kama tumeenda kumjulia hali mgonjwa.

"Pole sana," mzee akasema. "Hii si ya kiwandani. Huu ni umeme."

"Mjomba, ina siku tatu."

"Najua. Lakini hebu niambie, na mimi nimeinunua Kariakoo. Nikiirudisha Kariakoo, nani atanipokea?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo nalitafuta. Mtu aliyesafirishiwa mzigo kwa lori kutoka Dar, akavushwa Daraja la Mkapa pale Rufiji, akafika nao Mtwara, akiuza kitu kibovu ni kweli hana wa kumlilia. Ila na mimi je? Mimi nilikuwa namlilia yeye.

Hela haikurudi. Badala yake kijana akanibebea feni hadi kwa fundi, chini ya mwarobaini, hatua kama mia kutoka dukani. Fundi mwenyewe kijana wa miaka ishirini na kitu, amezungukwa na maiti: redio, pasi, feni zisizo na vichwa na vichwa visivyo na feni. Akafungua skrubu nne, akachomoa kidude cheusi cha ukubwa wa kiberiti, akanionyesha kimevimba tumbo. Kapasita, kile kinachoipa feni msukumo wa kuanza kuzunguka. Akaokota feni moja iliyokufa kwa ugonjwa mwingine, akang'oa ya kwake, akailehemu kwenye ya mama. Dakika ishirini, shilingi 5,000. Ile iliyovimba hakuitupa. Aliitia kwenye kopo lenye wenzake, sikumuuliza za nini.

Sasa nikupeleke Hamburg.

Mwaka jana nilinunua birika la umeme la euro 29. Likawa linavuja chini ya mfuniko. Nikalirudisha na risiti yake. Binti wa kaunta hakuniangalia usoni. Hakuniambia pole, hakuniuliza nyumbani hawajambo. Akaielekezea risiti kimashine chake, kikalia, hela ikarudi kwenye kadi yangu. Kwa saa ya ukutani, dakika nne. Halafu akalisukuma birika kwenye kizimba cha magurudumu nyuma yake, kilichojaa vikaushia nywele, vikaango na pasi.

"Mtalitengeneza?" nikamuuliza.

Hapo ndipo aliponiangalia kwa mara ya kwanza, kama nimeuliza watalizika kwa sala gani. Hapana, akasema, na akamwita anayefuata.

Wajerumani wana sheria nzuri, nisiwanyime haki yao. Ukiuziwa kitu kina kasoro, muuzaji anawajibika kwa miaka miwili. Ukinunua mtandaoni una siku 14 za kubadili mawazo, bila kutoa sababu. Mfanyakazi mwenzangu mmoja anaagiza viatu jozi tatu, namba tatu tofauti, anajaribu sebuleni, anarudisha jozi mbili. Haoni ubaya, na sheria haioni pia. Lakini jozi mbili zimepanda gari, zimeshuka, zimepanda tena, na si kila kinachorudi kinauzwa upya. Ilifika mahali mwaka 2020 wakarekebisha sheria yao ya taka kumtaka mfanyabiashara atunze bidhaa zinazorudi, zisigeuzwe takataka zikiwa bado zinafaa. Sheria ya namna hiyo haitungwi mahali ambapo vitu havitupwi.

Halafu mwaka 2024 Umoja wa Ulaya mzima ukapitisha maelekezo ya haki ya kutengenezewa: mashine za kufulia, friji, simu na vinginevyo, mtengenezaji asikwepe kuvifanyia matengenezo. Nchi wanachama zikapewa hadi Julai 31, 2026 kuanza kuyatumia. Niliposoma nilicheka peke yangu kwenye treni. Wamekaa Brussels, wakajadili, wakapiga kura, ili wafike pale chini ya mwarobaini.

Kwa hiyo nani anamjali mteja, na nani anaijali dunia? Ukinihoji haraka nitasema Hamburg kwa yote mawili. Ukinipa muda nitakwambia kwamba ukarimu wa lile duka la Hamburg kwangu umelipiwa na lile birika, na ubahili wa mzee wa Mtwara ndio uliookoa feni. Angenipa mpya papo hapo, ile ya kwanza ingeishia nyuma ya duka ikishika kutu kwa sababu ya kapasita moja.

Ila msinielewe vibaya, sifa hizi ni za fundi. Mzee wa duka simsifu kwa hili. Ile 5,000 ilitoka kwenye pochi yangu wakati yake imefungwa. Sheria ya Ushindani tunayo tangu mwaka 2003, Tume ya Ushindani ipo, mlaji ana haki zake anapouziwa kitu kibovu, na karatasi ya ukutani haiwi sheria kwa kuandikwa herufi kubwa. Haya yote nilikuwa nayo kichwani nimekaa pale na soda. Nikashindwa kuyasema.

Sababu naiona aibu kuiandika, lakini naiandika. Sikuwa na risiti. Siku ya kununua mzee aliniuliza kwa upole, unataka ya risiti au bila? Ya risiti ilikuwa 80,000. Mimi niliyeishi miaka saba kwa watu wanaohifadhi risiti ya mkate, niliyekua nikisikia redioni "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti", nikachagua kuokoa shilingi 5,000. Fundi alizipokea zile zile.

Kuna mambo ambayo Mtwara haihitaji somo la Hamburg. Mifuko ya plastiki, kwa mfano. Tanzania tuliipiga marufuku Juni 1, 2019. Ujerumani walizuia ile ya kwenye kaunta Januari 1, 2022. Wenzangu kazini hawakuniamini mpaka wakatafuta wenyewe kwenye simu. Kote kuwili uchochoro ulibaki. Kule ni vile vifuko laini vya matunda. Huku ni vifungashio visivyo na mkono, ambavyo muuza samaki pale feri anakutilia changu wawili, maji ya barafu yanavuja mpaka kwenye ndala. Mama hakubali. Yeye huenda na kikapu chake cha ukili, akamwambia muuzaji, "Tia humu, mwanangu, samaki hana aibu."

Na chupa. Ujerumani chupa ya plastiki au kopo la soda unalipia senti 25 za juu tangu 2003, ukilirudisha kwenye mashine unapewa senti zako. Stesheni kuu ya Hamburg nimewaona wazee, umri wa wale ninaowalisha uji kazini, wakichungulia mapipa ya taka kwa tochi kutafuta hizo senti 25. Mashine inameza kopo kwa mlio wa kuponda mifupa. Wageni wanaishangaa sana. Mimi sikuishangaa hata kidogo, maana nimekulia kwenye kreti. Nilitumwa soda dukani nikiwa na chupa tupu mkononi. Huna chupa, unaweka hela ya chupa au unainywea hapo hapo umesimama. Bila mashine wala tochi. Chupa ya Mikindani ilikuwa inazunguka mpaka inachubuka maandishi.

Siku hizi soda nyingi ni ya plastiki, ile watu wanayoiita teki-awei, na hakuna anayekudai chupa. Maji yakipwa Mikindani, nenda pale penye mikoko uangalie. Mizizi imeshika makopo kama vidole vilivyoshika visivyo vyake: ya maji, ya soda, ya mafuta ya kupikia, moja limeota chaza juu yake. Wapo vijana wanaoyaokota na kuyauza kwa kilo, lakini wanaanzia barabarani. Kwenye tope la mikoko nani ataingia kwa bei hiyo? Kampuni iliyotuondolea kreti imejipunguzia mzigo wa kubeba chupa tupu, na mzigo huo haukupotea, umehamia kwa mikoko. Hilo ndilo linalonikera kuliko feni.

Siku mbili kabla ya kuondoka nikarudi kwa mzee kununua ekstensheni. Nimekunywa maji, nimejiandaa.

"Shikamoo mjomba. Naomba ya risiti."

Akacheka mpaka akakohoa. "Umeshakuwa Mjerumani wewe! Feni inapuliza?"

"Inapuliza."

"Si nilikwambia ni umeme?"

Nikakaa kimya. Akaivuta mashine ya risiti kutoka chini ya kaunta, akaifuta vumbi kwa kiganja, akabonyeza. Karatasi imekwisha. Akamtuma kijana akatafute roli kwa jirani, jirani hana, akamtuma mbele zaidi. Mimi nikaletewa kiti kile kile na soda nyingine, safari hii ya chupa ya kioo, imechubuka mabegani. Aliniuliza habari za baridi ya huko, akaniuliza kama ni kweli wazee wanaachwa na watoto wao, nikamweleza, akatikisa kichwa. Ikapita nusu saa. Kijana akarudi na roli, mashine ikalia, risiti ikatoka ndefu kuliko waya wa ekstensheni.

Nikaikunja vizuri nikaitia kwenye pochi, nikaaga. Nimeshafika mlangoni nikasikia mzee ananiita.

"Chupa, mwanangu. Chupa iache."