Hadithi haitikisiki

"Mwalimu, kipande chako ni kitamu, hakuna anayebisha. Lakini nikikitoa, hadithi haitikisiki."

Mzee, mwandishi wa tamthilia tunayoiandaa, aliyasema hayo kuhusu densi yangu ya harusi Jumatatu jioni, kofia mkononi, macho kwenye saa ya ukutani. Nikajibu, "Sawa, Mzee." Basi. Tangu hapo wiki imekwenda na mambo yake, shemeji amepata kazi Doha, Baba ameuza sehemu ya shamba, zamu ya chama imenifikia, nami bado nimesimama pale kando ya jukwaa najibu, "Sawa, Mzee."

Hakunikosea adabu, na hilo ndilo linalouma. Angesema densi ni mbovu ningejua pa kuanzia. Angesema ni ndefu ningepunguza. Alisema ni tamu, na ya kutolewa. Anahitaji kuokoa dakika 4 ili tamthilia iishe kabla mabasi ya shule hayajalazimika kuondoka, na densi ya harusi ni dakika 4 na sekunde 32. Hesabu yenyewe inamwonyesha pa kukata.

Usiku niliwarudia ndugu wawili ninaowarudia kila nikichubuka, Fayard na Harold Nicholas, wachezaji densi Weusi wa Marekani. Wengi mnawajua kwa ile ngazi ya mwaka 1943, katika filamu ya Stormy Weather, wakicheza mbele ya bendi ya Cab Calloway. Wanatua juu ya piano, wanaruka chini kwa msamba, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, halafu wanaishuka ngazi kubwa: mmoja anamruka mwenzake kichwani na kutua kwa msamba ngazi ya chini yake, aliyerukwa anainuka, anaruka naye, anatua chini zaidi, hivyo hivyo mpaka sakafuni. Mikono haigusi kitu. Fayard alikuwa akisimulia kwamba ngazi ile ilirekodiwa mara moja tu.

Vijana wangu wakiona ile ngazi wanakodolea kutua. Mimi huwaambia watazame kuinuka. Kutua kwa msamba kunaweza kudanganywa na mwili mlaini, kuinuka bila mikono hakudanganyiki. Mguu wa mbele umenyooka, kisigino kinauma sakafu. Mguu wa nyuma unashika kwa ukingo wa ndani wa kiatu. Halafu mapaja ya ndani yanavutana kama mkasi unaofungwa, na kiuno kinapanda kikiwa kimekaa wima. Ukiinamisha kifua mbele, uzito unahamia kwenye goti na umekwisha. Na hata huko kutua si kuanguka. Ni kuteleza, mapaja yakipunguza mwendo njia nzima. Anayejiachia mzima mzima hupasua msuli wa nyuma ya paja, pale juu unaposhikana na mfupa wa kukalia, na hilo ni jeraha la miezi. Ndiyo maana Julai hii, baridi ya asubuhi ikiwa kama ilivyo, hakuna anayenyoosha mguu kabla ya dakika 20 za kutoka jasho. Sakafu ya saruji tunayofanyia mazoezi hairudishi chochote, kila unachoipa inakiacha kwenye muundi. Na suruali ya mchezaji lazima fundi aitie kiraka chenye umbo la almasi kwenye mshono wa msamba. Msilipuuze hilo. Mshono ukipasuka jukwaani mchezaji hubana miguu bila kujijua, na hapo ndipo anapoumia.

Nimetoka kwenye njia. Nilitaka kusema kuhusu mkasi ule unaokata densi.

Fayard alizaliwa 1914, Harold 1921. Mama yao alipiga piano na baba yao ngoma katika ukumbi wa Standard, Philadelphia, na Fayard alijifunzia kwenye kiti cha watazamaji, akiangalia wachezaji wakipita wiki baada ya wiki. Shule ya densi hakuingia. Alichokidaka alimfundisha mdogo wake, na mwaka 1932 walikuwa Cotton Club, klabu ya usiku ya Harlem, New York, ambako waliocheza walikuwa Weusi na waliokaa mezani Weupe. Harold alikuwa na miaka 11.

Kisha filamu. Kwenye zile za studio kubwa, mara nyingi kazi yao ilikuwa kuingia, kucheza, kutoka. Hawabebi siri ya mtu. Hakuna mlango wanaoufungua wao ambao baadaye mwingine ataufunga. Kumbi za majimbo ya kusini mwa Marekani zilikuwa zikiondoa sehemu zenye wasanii Weusi, kwa hiyo studio zilizishikiza sehemu hizo kwa uzi mmoja tu, mkasi upite bila kuharibu nguo. Mwimbaji Lena Horne naye aliwekwa hivyo, mara nyingi amesimamishwa kwenye nguzo, anaimba, picha inaendelea bila yeye. Mwaka 1940 akina Nicholas walicheza katika Down Argentine Way, na inasimuliwa kwamba kuna kumbi ambako watu walipiga kelele mpaka mwendesha mashine akairudisha filamu nyuma waone tena. Mwaka 1948 walicheza bega kwa bega na Gene Kelly, nyota Mweupe, katika The Pirate, na kuna miji ya kusini ambako sehemu hiyo iliondolewa.

Hadithi haikutikisika. Ilikuwa imetengenezwa isitikisike.

Hapo nilikasirika sana. Nilikaa na hasira hiyo Jumanne nzima na nusu ya Jumatano. Nilimwona Mzee na mkasi wake, nikajiona mimi na vijana wangu 14 tumeshikizwa kwa uzi mmoja, na nikapanga majibu mazuri ambayo sikuyatoa Jumatatu. "Mzee, na maneno yako nikiyatoa?" "Mzee, harusi bila ngoma ni mkutano wa ukoo." Yote mazuri, yote yamechelewa.

Jumatano usiku nilifungua daftari la hesabu na kuiangalia densi kama inavyoangaliwa na mtu asiyeipenda. Ni isukuti, ngoma ya Waluhya wa magharibi mwa Kenya. Ngoma 3, kubwa, ya kati na ndogo, mwimbishaji mbele, wanaume mstari wao na wanawake mstari wao. Wanacheza, wanamaliza, taa zinazimwa sekunde 40 ili viti vya harusi viondolewe. Taa zikiwaka, mjomba anasimama peke yake na kueleza kwa dakika 2 kwamba mahari ililipwa kwa pesa za mkopo. Ndipo bibi harusi anaposema neno lake la kwanza.

Nikaona jambo ambalo hasira ilikuwa imelificha. Ule uzi mmoja niliutia mimi. Hakuna studio iliyonilazimisha. Nilitunga densi yenye mlango wa kuingilia na wa kutokea, na katikati sikuweka kitu chochote ambacho tamthilia inakidai baadaye. Akina Nicholas walikatiwa kitambaa na wengine. Mimi kitambaa nilikuwa nacho mkononi. Na walipopewa jukwaa lenyewe walionyesha tofauti. Mwaka 1946, kwenye kumbi za Broadway, New York, katika mchezo wa St. Louis Woman, Harold alikuwa Little Augie, mpanda farasi wa mashindano, mhusika ambaye mchezo mzima unamzunguka, na Fayard naye alikuwa na mhusika wake, Barnaby. Mtoe Augie uone kama kuna kitakachosimama.

Kwa hiyo nilichofanya ni hiki, na nakiandika kwa urefu kwa sababu wawili wenu mmewahi kuniuliza densi inashonwaje ndani ya mchezo.

Kwa kasi tuliyoiweka, mapigo 120 kwa dakika, nane moja, yaani mapigo manane, ni sekunde 4. Densi yetu ilikuwa nane 68. Sikugusa katikati, kwa sababu mpigaji wa ngoma kubwa hutoa ishara ya kubadilisha mtindo, na ukitoa nane mbili kati ya ishara na badiliko, nusu ya wachezaji wanafuata hesabu na nusu wanafuata ngoma. Nilitoa mlango wa kuingilia, nane 8, kwa kuwakuta tayari wanacheza taa zinapowaka. Nikatoa marudio ya mwisho, nane 12, ambayo kusema kweli nilikuwa nimeyaweka kwa ajili ya makofi. Zikabaki 48, yaani dakika 3 na sekunde 12.

Kisha mshono. Mwimbishaji si mtu wa kikundi tena. Ni mjomba mwenyewe. Mkopo anautaja kwenye wimbo, kwa fumbo, na mstari wa wanaume unamwitikia kwa kicheko kwa sababu hawajaelewa. Karatasi ya deni inatoka kwake, inapita mkono kwa mkono mpaka mwisho wa mstari wa wanaume, inavuka kwenda kwa wanawake. Kuvuka ni mita 8, hatua ya nusu mita, hatua 16, nane 2 kamili. Nikaongeza nane moja ya kusita, maana karatasi mkononi humfanya mchezaji apunguze hatua hata ukimkataza. Kila inapofika, mabega yanaacha kutikisika. Mtazamaji haambiwi kitu, anaona ngoma ikifa bega moja moja. Inamfikia bibi harusi kwenye nane ya 47. Ngoma ndogo inabaki peke yake. Anasoma. Neno lake la kwanza linatoka hapo hapo.

Wageni wanatoka na viti vyao, taa haizimwi. Sekunde 40 zimeokolewa. Mjomba hana tena cha kueleza, dakika 2 zimeokolewa. Na zile nane 20 ni dakika 1 na sekunde 20. Dakika 4 za Mzee, kamili, na densi imo.

Kilichoharibika Alhamisi asubuhi: karatasi ya kawaida iliyotota jasho ilichanika kwa mchezaji wa tano. Tumeweka bahasha ya kaki. Na mwigizaji wa mjomba anaimba vizuri lakini hukimbia mbele ya ngoma akiwa na wasiwasi, kwa hiyo mpigaji wa ngoma ya kati anasimama pale ambapo mjomba anauona mkono wake. Mwigizaji akimsikia tu, huchelewa au huwahi. Akimwona, hutulia.

Mzee aliitazama jana mara moja bila kusema kitu. Kisha akauliza, "Mwalimu, sasa hii nikiitoa?"

Nikasema, "Jaribu, Mzee."

Akachukua penseli, akafungua kurasa zake, akaifuta hotuba ya mjomba yote. Sikujua nilikuwa nimekaza mabega wiki nzima mpaka yaliposhuka. Wasichana wa mstari wa wanawake walipiga vigelegele, na mpigaji wa ngoma ndogo, yule mdogo ambaye huwa hasemi na mtu, akaniuliza kama ile nane ya mwisho anaweza kuipiga kwa vidole tu badala ya kiganja. Anaweza. Ni wazo zuri kuliko langu.

Ningependa niseme "haitikisiki" imeondoka kichwani. Leo asubuhi ilikuwepo tena nikisukutua, sauti ile ile, kofia ile ile. Lakini sasa nikiisikia naanza kuhesabu nane.

Jambo jingine. Ule ufa wa juu ya dirisha la bafu nyumbani kwangu, ulioonekana mvua zilipoanza, keateka wa jengo alisema ni rangi tu inayobanduka. Jumapili iliyopita niliweka alama ya penseli pale ulipoishia. Leo umeipita kwa upana wa vidole viwili, na jirani wa juu anasema kwake umeingia mpaka sakafuni.