Moyo umepona, bega bado

Kila anayeniuliza "Unaendeleaje?" anauliza habari za moyo. Namjibu kuwa moyo uko salama, na ni kweli. Tangu niwekewe pesimeka, kifaa kidogo cha umeme kinachousaidia moyo kupiga sawasawa, sijaanguka tena hata mara moja, na lile giza la ghafla lililonikuta nikiwa mbele ya darasa halijanirudia. Moyo uliokuwa ukipiga mara 32 kwa dakika sasa haushuki chini ya 60. Nashukuru, tena sana. Lakini huu ni mwezi wa nane tangu upasuaji, na bado zipo usiku ninazoamka na maumivu chini ya mtulinga wa kushoto, nikalala chali kuyasubiri yapungue. Naandika kwa ajili ya mwenzangu aliye macho saa hizo.

Niliambiwa ni upasuaji mdogo wa kama saa moja, wa ganzi, bila nusukaputi. Unachanwa sentimita chache, unatengenezewa kijimfuko chini ya ngozi, na waya zinapitishwa kwenye mshipa wa damu mpaka ndani ya moyo. Yote yalikuwa hivyo hivyo. Maumivu, wakasema, ni ya siku chache, yakizidi sana wiki mbili tatu. Kwa wengi ndivyo inavyokuwa. Kwangu, wiki ya tatu ndipo yalipoanza kubadilika sura.

Mimi ni mashoto. Kifaa hiki kwa kawaida huwekwa upande wa mkono usiotumika sana, na kwa kuwa watu wengi hutumia wa kulia, basi huwekwa kushoto. Hakuna aliyeniuliza, nami sikujua kwamba hilo ni jambo la kusema. Nimeandika ubaoni kwa mkono huu miaka 24. Wewe unayejiandaa kuwekewa, kama ni mashoto, sema kabla hujapanda kitandani.

Kilichonichelewesha kutafuta msaada ni aibu. Mtu umerudishiwa uhai, utalalamikaje bega? Dada yangu alinishika mkono akaniambia kwa upendo, "Mdogo wangu, bora uzima," nami nikanyamaza. Kliniki ya mwezi wa tatu walikipima kifaa kwa kompyuta: betri nzuri, waya nzuri. Nilitoka na karatasi inayosema kila kitu kiko sawa, huku nimeupakata mkono wangu kama mtoto mchanga.

Nyumbani nikaanza kuandika kwenye daftari, na ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa na maumivu mawili. La kwanza lilikuwa juujuu, kandokando ya kovu, la kuunguza. Blauzi ikigusa pale, au upepo wa feni ukipita, nahisi kama ngozi iliyobabuka kwa maji ya moto, na ukiitazama ni nzima kabisa. La pili lilikuwa zito, ndani ya bega, likishuka mpaka karibu na kiwiko, na lilikuwa la usiku zaidi. Muda wote ule nilikuwa nikisema "naumwa hapa" na kupewa parasetamoli. Daftari lilinisaidia kuliko vidonge vyote vya miezi ile.

Mwezi wa tano nikarudi nalo. Daktari alikuwa mwingine. Alivuta kiti, akasoma kurasa zote kimya, kisha akasema tuanze na lile linalotisha. Mfuko wa pesimeka unaweza kupata maambukizi ya chinichini, pasipo homa, maumivu yakawa ndiyo dalili pekee. Akaikagua ngozi polepole. Wekundu, joto, uvimbe, majimaji, au ngozi iliyokuwa nyembamba inayong'aa juu ya kifaa, alisema, si mambo ya kusubiri tarehe ya kliniki. Ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Na mfuko ukivimba, usikubali mtu auchome sindano kuvuta majimaji, maana sindano hiyo inaweza kuingiza vijidudu. Nilipimwa damu, nikapigwa eksirei kuona kama waya zimehama. Hapakuwa na kitu.

Akaniambia, "Mama, inua mkono."

Uliishia usawa wa kifua. Akauliza tangu lini, nikakosa jibu, kwa sababu sikuwa nimeuinua tangu siku ya upasuaji. Amri ilikuwa wiki sita: kiwiko kisipite bega, nisibebe kitu kizito, ili ncha za waya zipate muda wa kushika vizuri kwenye moyo. Niliitii kwa hofu yote niliyokuwa nayo. Kila nikisogeza mkono niliona waya uking'oka. Nililala nimeufunga kwa kitambaa kifuani. Sikuelewa kwamba hata ndani ya wiki zile sita mkono ulitakiwa kutembea, mradi usivuke bega, wala kwamba wiki zikiisha amri nayo inaisha. Bega likaganda.

Niliposikia hivyo nililia pale pale. Miezi mitano nilidhani nakilinda kifaa.

Mtaalamu wa fiziotherapia alinianzisha na kuinama, mkono ukining'inia, kuuyumbisha taratibu kama timazi la fundi mwashi. Wiki mbili hivyo tu. Kisha ukutani: vidole viwili vinapanda kama buibui, vikifika vinapokwamia unahesabu hadi kumi, unavishusha. Nyumbani ukuta wangu ni fremu ya mlango tuliyokuwa tukipimia watoto urefu. Alama yangu ya kwanza ya penseli ilikaa sawasawa na ya binti yangu alipoanza darasa la kwanza.

Lile la kuunguza lilihitaji njia yake. Katika kukata ngozi, vijishipa vidogo vya fahamu huguswa, na vingine hubaki vikituma habari za kidonda kilichokwisha kufunga. Nilipewa gabapentini ya usiku, ambayo wiki ya kwanza ilinitia kizunguzungu, kisha nikaizoea. Na nikafundishwa kulisugua kovu lenyewe: dakika mbili kwa pamba, zikipita siku kadhaa kwa kitambaa laini, halafu kwa taulo. Pamba ilinitoa jasho. Taulo sasa naliweza.

Mengine ni madogo ila yanaokoa siku. Mto chini ya kiwiko usiku. Taulo dogo lililokunjwa kati ya mkanda wa gari na kifaa. Sidiria ya kamba pana. Mkoba bega la kulia. Na dawa za maumivu usijinunulie tu: kwa anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, ibuprofeni inaweza kumletea kutokwa damu.

Niliuliza pia kama kifaa kinaweza kuhamishwa. Kinaweza, hata kuwekwa ndani zaidi chini ya msuli, lakini kila mfuko unapofunguliwa upya hatari ya maambukizi inapanda. Nimeamua hapana, kwa sasa. Arne Larsson wa Sweden, mtu wa kwanza kuwekewa pesimeka ndani ya mwili, mwaka 1958, alikuwa ametumia vifaa 26 hadi alipofariki mwaka 2001. Wengine wanapolitaja jina lake wanastaajabia miaka aliyoishi. Mimi nafikiria ile mifuko, na makovu yote yale.

Nimerudi darasani. Naandika nusu ya chini ya ubao, na mwanafunzi mmoja mrefu huniandikia kichwa cha somo juu.

Jana jioni binti yangu alishika penseli. Vidole vyangu vikapanda, vikaipita alama yake ya darasa la tano, vikasimama. Maumivu yalikuwepo, pale pale. "Usishushe kwanza, mama," akasema, akachora mstari, akaandika tarehe.