Kidole cha Mdakaji wa Akiba

Jioni ile mwanangu alirudi mazoezini kidole gumba kimevimba, akaitupa glavu sakafuni. "Baba, mimi siendi tena. Kocha kila siku ananiweka akiba."

Alikuwa na miaka 11, anacheza besiboli. Yeye ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuupokea mpira wa mrushaji. Kusugua benchi nakujua: nilikuwa kipa wa akiba shuleni Tanga, miaka miwili nikapangwa mechi tatu.

Jumamosi tukaondoka Columbus, Marekani, alfajiri, tukaendesha hadi Steubenville, mji ulio kando ya mto Ohio. Katika makaburi ya Union tulilitafuta karibu saa nzima kaburi la Moses Fleetwood Walker, mdakaji wa zamani, nyasi zina umande, viatu vimetulowa.

Tulipolipata nikamsimulia palepale. Mwaka 1884 Walker aliichezea timu ya Toledo mechi 42, karibu zote akiwa mdakaji, mtu mweusi katika ligi kuu miaka 63 kabla ya Jackie Robinson, mweusi ambaye wengi humtaja kuwa wa kwanza. Alipokezana zamu na mdakaji mwenzake, Deacon McGuire, maana enzi hizo mtu mmoja hakuweza kudaka siku zote. Walidaka mikono mitupu, au kwa glavu nyembamba tu, na vidole vilivunjika. McGuire aliendelea kucheza hata akafikisha misimu 26. Walker hakuachiwa azeeke uwanjani.

Mrushaji wake, Tony Mullane, alikuja kukiri mwenyewe kwamba hakuwahi kupata mdakaji bora kuliko Walker, ila kwa kuwachukia weusi alizipuuza ishara zake za kumwambia mpira gani arushe, akarusha alivyotaka. Hapo sauti ilinikwama. Mdakaji asiyejua mpira unakujaje huupokea kwa vidole, huupokea kwa kifua. Walker alivunjika ubavu msimu uleule, na kabla msimu haujaisha timu ikamwacha.

Mwanangu alikuwa amechuchumaa mbele ya jiwe, vilevile anavyochuchumaa uwanjani.

"Yaani haambiwi mpira gani unakuja?"

"Haambiwi."

"Na anadaka?"

"Anadaka."

Akakitazama kidole chake, akakikunja, akakikunjua. Jiwe lile liliwekwa zaidi ya miaka 60 baada ya Walker kuzikwa; nikamwonyesha tarehe ya kufa, 1924, akaipitishia kiganja.

Njiani kurudi aliniomba tupitie duka la dawa, tununue bandeji ya kufungia kidole kabla ya mazoezi ya Jumanne.