Kopi ya kawaida

Mwaka 2014, nikisubiri matokeo ya kidato cha sita, nilikuwa nakaa kwenye steshenari ya baba mdogo pale Mwanga, Kigoma. Kazi yangu ilikuwa kutoa kopi, kuchapa barua za kuomba kazi na, wateja wakipungua mchana, kumaliza bando lake mtandaoni. Ndiko nilikokutana na picha za Richard Mosse, mpiga picha wa Ireland. Mwaka uliotangulia alikuwa ameonyesha kazi zake Venice. Alikwenda kupiga picha za vita vya Kivu, Kongo, huko huko ng'ambo ya ziwa ambako siku ya anga safi tunaona milima yake, lakini vilima vyake vilikuwa vya waridi, waridi iliyokolea kama juisi ya rozela. Nikaweka picha moja kwenye skrini ya kompyuta. Ilikuwa nzuri mno, basi.

Siku mbili baadaye akaingia mama mmoja muuza mawese. Mtaani tulijua kwamba alivuka ziwa mwaka 1996, kwa mtumbwi, akitokea upande wa Fizi, huko Kivu. Mwenyewe hakuwa msimuliaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nitolee kopi nne." Akanipa cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake. Kisha akaiona skrini. "Huku wapi?"

"Kongo, mama. Kivu."

Hapo ndipo nilipotamani umeme ukatike.

"Nani kaipaka rangi milima?"

Nikajieleza kwa pupa, kama mtu aliyekutwa na kitu kisicho chake. Kwamba haikupakwa. Ni filamu ya Kodak, inaitwa Aerochrome, inanasa mwanga ambao macho yetu hayauoni. Majani mabichi huurudisha mwanga huo kwa wingi, ndiyo maana yanatoka ya waridi au mekundu. Ilitumiwa na wanajeshi kupiga picha kutoka angani, kuwatafuta maadui waliojificha. Turubai lililopakwa kijani haliidanganyi, wala matawi ya kukata yakishanyauka. Yanatoka rangi tofauti na pori linaloyazunguka.

"Yakishanyauka?"

"Ndiyo, mama."

"Sisi tulijifunika matawi ya mihogo. Mimi na watoto. Siku mbili." Alikuwa anahesabu, kama anavyohesabu chupa za mawese gengeni. "Siku ya pili yalikuwa yameshalala. Basi tungeonekana."

Sikuwa na la kujibu. Nikashughulika na mashine, ambayo wala haikuwa na tatizo.

Nilipompa kopi zake hakuondoka. "Hiyo picha kuitoa ni bei gani?"

"Ya rangi elfu moja, mama." Nilitaka kumwambia achukue bure, ila baba mdogo alikuwa mkali sana kwa wino wa rangi.

"Na ya kawaida?"

"Mia mbili."

"Nipe ya kawaida."

Ikatoka vilima vya kijivu. Akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hapo sasa," akasema, akaikunja pamoja na cheti cha mjukuu.