Meza Iliyojua Kila Kitu Isipokuwa Mafuta

Kilichonishangaza kwanza katika mgahawa ule ni weupe wa meza. Hapakuwa na kitambaa, menyu wala kichupa cha chumvi, bali ubao mweupe mtupu katikati ya ukumbi uliofifishwa taa kiasi kwamba Shangazi aliniuliza kama umeme ulikuwa umekatika. Mara tulipoketi, mwanga ulishuka kutoka darini na meza ikajaa samaki wa rangi ya machungwa waliokuwa wakiogelea chini ya vijiti vyetu vya kulia. Shangazi aliondoa mkono wake haraka, kisha akaurudisha polepole na kujaribu kumgusa mmoja wao. Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyetualika, alicheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka kututazama.

Siri yenyewe si ngumu ukishaielewa. Juu ya kila meza, ndani ya dari, kuna projekta iliyoelekezwa chini, na hiyo ndiyo sababu ya meza kuwa nyeupe na ukumbi kuwa na giza, kwa kuwa picha ya projekta hufifia inapokutana na mwanga mwingine na hupotoka rangi inapoangukia mbao za kahawia. Mbele ya kila mlaji, ukingoni mwa meza, kuna kibao kidogo cha kugusa. Ukitembeza kidole juu yake, mshale wa mwanga hutembea mezani na kukufungulia orodha ya vyakula. Ukichagua chakula, picha yake hutokea mbele yako, pale hasa ambapo sahani itawekwa, na kwa ukubwa ule ule wa sahani. Ukiridhika unabonyeza, na agizo linakwenda jikoni bila kupita kinywani mwa mtu yeyote.

Jambo hilo la ukubwa halisi ndilo lililonivutia kuliko samaki wote wa machungwa. Katika menyu ya karatasi kila picha ina ukubwa mmoja, kwa hiyo kikapu cha dim sum tatu (vitafunio vidogo vya Kichina) na bakuli la tambi la kushibisha watu wawili huonekana kama ndugu wa tumbo moja, na mtu hujua amepotea chakula kinapofika. Hapa niliona waziwazi kwamba kikapu kile ni matonge matatu tu, nikaagiza vikapu viwili bila kumuuliza mtu. Zaidi ya hayo, sikulazimika kutamka lolote. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiagiza chakula ninachoweza kukitamka badala ya kile ninachokitamani, na nimewahi kuacha xiaolongbao, ambayo ni maandazi madogo ya mvuke yenye nyama na mchuzi ndani yake, kwa sababu tu mhudumu alikuwa amesimama akisubiri na ulimi wangu ulikuwa umegoma. Nadhani ndiyo maana teknolojia hii inaifaa sana migahawa inayochanganya vyakula vya Asia: sahani ni ndogo na nyingi, watu hula kwa kuchangia, na majina yanatoka katika lugha tano au sita kwa mkupuo mmoja.

Wala wazo la kuagiza chakula bila kusema na mtu si geni. Mwaka 1902, katika mji wa Philadelphia, Joseph Horn na Frank Hardart walifungua mgahawa ambamo mlaji alitumbukiza sarafu, akafungua kijilango cha kioo na kujichukulia sahani yake, na mgahawa wa mwisho wa aina hiyo mjini New York ulidumu mpaka 1991. Nchini Japani, Yoshiaki Shiraishi, aliyekuwa na mgahawa wa sushi (vitonge vya wali na samaki) karibu na Osaka na aliyekuwa akihangaika kwa uhaba wa wahudumu, aliona chupa za bia zikisafirishwa juu ya mkanda kiwandani, akajiuliza kwa nini sahani zisisafiri hivyo hivyo. Alifungua mgahawa wake wa mkanda unaozunguka mwaka 1958. (Mwaka huo huo, na katika mkoa huo huo wa Osaka, Momofuku Ando alianza kuuza tambi za kuloweka kwa maji ya moto, sijui maji ya kule yalikuwa na nini mwaka ule.) Meza za mwanga zilikuja miaka hamsini baadaye, na mgahawa wa Inamo, uliofunguliwa katika mtaa wa Soho jijini London mwaka 2008, ni miongoni mwa migahawa iliyozifanya zijulikane. Tulipokula sisi si hapo, bali ni mahali palipofuata njia hiyo hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mdogo wangu ana mzio wa kamba, kaa na jamii yao yote, na si mzio wa kujikuna kidogo na kusahau, bali ule unaofunga koo. Kwa hiyo tulipoona kwamba meza ina sehemu ya kutaja mzio, tulifurahi. Aligusa alama ya kamba, na orodha ya vyakula ikapungua mbele ya macho yetu. Nilitazamia maandazi ya kamba yaondoke, lakini kimchi, ile kabichi ya Kikorea iliyochachushwa, nayo iliondoka, pamoja na supu mbili za nazi na wali wa kukaanga wa Kimalesia. Mdogo wangu alinieleza, kwa utulivu wa mtu aliyejifunza somo hili kwa tabu, kwamba kimchi nyingi hutiwa kamba wadogo waliochachushwa kwa chumvi, na kwamba viungo vya mchuzi wa Kitailandi na vya Kimalesia mara nyingi husagwa pamoja na kinyunga cha kamba wa kuchachusha ambacho hakionekani wala hakitajwi katika jina la chakula. Sosi ya chaza ilibaki, kwa kuwa chaza ni wa jamii nyingine. Sheria za Umoja wa Ulaya, zinazoitaka migahawa kutoa taarifa za vyakula 14 vyenye mzio tangu Desemba 2014, nazo huwahesabu kamba na chaza katika mafungu mawili tofauti. Nikiri kwamba wakati huo niliiona meza ile kuwa na akili kuliko wahudumu wote niliowahi kukutana nao. Nimeshuhudia wahudumu wakijibu "hakuna kamba humo" huku wakitazama mlango.

Mdogo wangu alichagua tempura ya mboga, yaani mboga zilizochovywa katika uji wa unga na kukaangwa, ambayo meza ilikuwa imeiacha katika orodha bila alama yoyote ya hatari, na kidole chake kilikuwa tayari juu ya kibao Shangazi alipomzuia.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Tumuulize mtu."

"Shangazi, meza imeshajibu. Haina kamba."

"Meza haipiki. Muite anayepika, au anayemjua anayepika."

Niliona haya kidogo, kwa sababu kumwita mhudumu katika mgahawa uliojengwa ili usimwite mhudumu ni kama kupiga hodi kwenye mlango ulio wazi. Hata hivyo nilibonyeza alama ya mtu, na kijana mmoja aliyevaa shati jeusi akaja. Shangazi hakumuuliza kama tempura ya mboga ina kamba, bali alimuuliza inakaangwa wapi. Kijana alinyamaza, akasema, "Nipe dakika moja, Mama," akaenda jikoni na kurudi na jibu lililotufanya sote tuiangalie meza upya: karai la mafuta ni moja, tempura ya kamba na ya mboga hukaangwa humo humo, na hakuna njia ya kuzitenganisha usiku wenye wateja wengi.

Meza haikusema uongo. Iliulizwa kuhusu viambato, ikajibu kuhusu viambato, na kwa kweli hakuna kamba katika unga, maji ya baridi na vipande vya boga. Lakini protini ya kamba inayoleta mzio haiharibiwi na joto la mafuta. Hutoka kwenye kamba wa sahani moja, hubaki ndani ya karai na kushika boga la sahani inayofuata. Aliyeandika orodha ile aliandika maelekezo ya upishi, na maelekezo ya upishi hayana karai. Jambo ambalo sijaacha kulifikiria ni kwamba mhudumu naye hakulijua jibu mpaka alipoulizwa. Tofauti yake na meza ilikuwa moja tu: alikuwa na uwezo wa kushikwa na shaka na miguu ya kumpeleka jikoni. Hatimaye mdogo wangu alikula maandazi ya uyoga yaliyopikwa kwa mvuke katika kikapu kipya, tambi za ngano zilizokaangwa katika karai lililooshwa mbele ya mpishi, na bakuli la edamame, yaani soya changa, na kijana yule ndiye aliyeleta kila sahani yake kwa mkono wake.

Upungufu wa pili haukuwa wa hatari, ila uliniudhi zaidi, kwa kuwa ulikuwa wa kujitakia. Kuagiza kwa kidole ni rahisi mno. Ndani ya dakika tano nilikuwa nimeshabonyeza sahani sita, na kwa kuwa kila agizo huenda moja kwa moja kwa mpishi wa sehemu inayohusika, yaani mvuke, karai, makaa au sushi, kila sehemu ilianza kazi papo hapo bila kujua wenzake wanafanya nini. Tambi zilifika kwanza, kwa kuwa karai lenye moto mkali humaliza kazi kwa dakika chache, na zilifuatwa na rendang, ambayo ni nyama iliyopikwa kwa tui, na mchuzi mwekundu uliotuchoma ndimi. Sushi, ambayo ilipaswa kufungua mlo wakati kinywa bado kisafi, ilikuja mwisho kabisa, na kipande cha samaki mbichi baada ya pilipili ile hakikuwa na ladha zaidi ya ubaridi wake. Mhudumu mwenye uzoefu angenishauri tuanze na sushi, au angelizuia agizo la tambi kimya kimya bila kuniambia. Pia, nadhani, angenitazama na kusema kwamba kwa watu watatu sahani zile zinatosha.

Kuhusu hiyo rendang nitasema kwa kifupi. Waminangkabau wa Sumatra ya Magharibi, nchini Indonesia, hupika nyama katika tui kwa saa kadhaa mpaka tui linakauka na nyama inaanza kujikaanga kwa mafuta yake, na kile kinachoepuliwa mapema kikiwa bado na mchuzi kina jina lake, kalio. Tuliyoletewa sisi ilikuwa kalio nzuri sana. Picha iliyoangaziwa juu ya meza, kwa bahati mbaya, ilikuwa ya rendang, nyeusi na kavu kama inavyotakiwa, na sahani ya mchuzi ilipowekwa juu ya picha ile kasoro ilionekana kama nguo ya mkubwa juu ya mtoto.

Nisije nikaonekana sikufurahi. Tukisubiri chakula tulifungua kamera ya jikoni, na kwa dakika kumi Shangazi alimtazama mpishi akivuta tambi kwa mikono, akizikunja na kuzivuta tena, nyuzi mbili zikawa nne, nne zikawa nane, huku akitoa maoni kana kwamba mpishi anamsikia. Baadaye aligundua mchezo wa kuzamisha meli za mpinzani, akamshinda mdogo wangu mara mbili, na mara ya tatu alilalamika kwamba kibao chake hakimtii. Kweli hakikuwa kinamtii, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa na mchuzi, na vibao vya aina hii husoma badiliko dogo la umeme linaloletwa na ncha ya kidole, hivyo majimaji ya mchuzi huvichanganya. Walioweka vibao hivyo mbele ya watu wanaokula mabawa ya kuku kwa mikono walipaswa kuweka na vitambaa vya kufutia.

Nikirudi, na nitarudi, nitaagiza sahani mbili kwa wakati mmoja, nianze na sushi, na sitabonyeza nyingine mpaka sahani za kwanza ziwe zimeondolewa. Suala la mzio wa mdogo wangu tutalimaliza na mhudumu kabla ya kugusa chochote, tukimuuliza kuhusu karai, mbao za kukatia na mafuta, kisha ndipo meza itusaidie kuchuja orodha, maana kwa kazi hiyo sijaona kinachoishinda.

Hesabu ilijitokeza mezani tulipoiomba, ikiwa imegawanywa kwa watu watatu hadi senti ya mwisho, jambo ambalo Shangazi alilikataa akisema yeye ndiye mkubwa. Meza haikuwa na alama ya kuonyesha hivyo, na ilibidi tumwite tena yule kijana wa shati jeusi.