"Sijaumia, Wewe Nenda Tu"

Mwenye baiskeli aliinuka mwenyewe, akajipangusa magoti. "Sijaumia, mzee, wewe nenda tu." Jua lilishazama, manyunyu yalikuwa yanaanza, na kioo cha pembeni cha gari nililokuwa naendesha kilining'inia kwa waya.

Kauli ile huwaponza madereva. Aliyetoka kugongwa bado ana mshtuko, hasikii maumivu sawasawa. Mfupa uliopata ufa huanza kumsumbua baada ya saa kadhaa. Usiku anafika hospitali, anaulizwa nani kamgonga, hana jina wala namba ya gari. Hapo aliyeruhusiwa kwenda anageuka aliyekimbia, na kukimbia ni kosa peke yake, hata kama njia iliingiliwa na baiskeli.

Nikabaki. Mkataba wa Vienna wa usafiri barabarani wa 1968 unadai hivyo hivyo: simama, walinde wanaopita, jitambulishe ukiulizwa, na kukiwa na majeruhi waarifu polisi uwasubiri, isipokuwa wamekuruhusu uondoke, unamsaidia majeruhi au wewe mwenyewe unahitaji tiba.

Niliwasha taa za hazadi, nikaweka pembetatu ya tahadhari hatua kumi nyuma ya bampa. Kosa. Gari la kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Dereva akishtuka, kabla hajagusa breki ameshaipita. Nikaichukua, nikatembea pembezoni nimeishika mbele ya kifua, nikaisimamisha kabla ya kona, mita 50 hivi.

Picha zilitaka haraka, mwanga ulikuwa unakwisha. Kwanza ya mbali, ionyeshe kona na mstari wa katikati. Kisha vipande vya kioo pale vilipoangukia, kwani husaidia kuonyesha mahali mlipogongana. Chaki haikushika kwenye lami iliyoloa, nikakwaruza kwa jiwe mahali pa tairi zote nne ndipo gari likawa tayari kusogezwa, polisi wakikubali.

Halafu karatasi mbili, moja yake, moja yangu: jina, anwani, simu, namba ya gari, kampuni ya bima na namba ya hati yake. Gari halikuwa langu, nikaongeza jina la mwenye gari. Hilo husahaulika sana. Sikuandika popote "kosa ni langu". Kumpa mtu pole hakuna ubaya, ila bima nyingi zina sharti kwamba usikiri kosa kabla hazijachunguza.

Polisi kwenye simu aliuliza kama kuna majeruhi. Jibu jepesi lilikuwa "hapana". Nikasema: amepigwa bega, anasema hajaumia. Walipofika na kuandikisha taarifa, namba ya taarifa hiyo nikaiongeza kwenye karatasi zote mbili.

Kesho yake kijana alipiga simu akiwa hospitali. Mkono haukuinuka, mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika. Alikuwa anawasomea wahudumu ile namba ya taarifa, lakini karatasi ilikuwa imeloa: tarakimu ya mwisho ni 3 au 8?

Ilikuwa 8.